Wa Mwisho Kwenye Mlango wa Chumvi

Ukiingia Bariadi na baiskeli inayolialia, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakuonyesha kwa kidevu tu: kule, nyuma ya maghala ya pamba, kwa Nyanjige. Hana kibao. Ana turubai la bluu lililofungwa kwenye miti minne, beseni la maji la kutafutia pancha, na sauti inayomfikia mteja kabla mteja hajafika.

"Hiyo cheni unailisha nini, baba? Mchanga?"

Wanaume hucheka, hushuka, huinamisha baiskeli zao. Hakuna mkono mjini unaonyoosha ringi kama ule.

Chini ya benchi lake kuna jiwe la kijivu, la kukaa kiganjani, analolitumia kuzuia gurudumu lisibingirike. Wateja wageni hulisukuma kwa mguu wakidhani ni jiwe tu. "Hilo liache," husema, na hapo utani wote humwondoka. Ukitaka kumjua Nyanjige, anzia kwenye jiwe hilo.

Alizaliwa Nkoma, kwenye nyumba iliyozungukwa na pamba pande zote, mtoto wa kwanza wa Machibya. Zamani, kabla chumvi haijaja madukani ndani ya pakiti, watu wa huku waliifuata kwa miguu hadi Ziwa Eyasi, wakarudi nayo vichwani. Machibya aliiwahi misafara ile ikiwa inakufa. Ilipokwisha kufa, yeye hakuacha. Alinunua baiskeli, akawa anakwenda peke yake, anarudi na mfuko kwenye karia, midomo imepasuka, macho mekundu kwa vumbi, na furaha ambayo mkewe hakuielewa kamwe. Dukani chumvi ilikuwepo. Yeye alikuwa anaifuata njia.

Njia ile ilipanda vilima vya kusini, ikapenya kwenye pengo kati ya majabali mawili lililoitwa Mlango wa Chumvi, kisha ikateremka upande wa kijiji cha Kimali. Na Mlango ulikuwa na sheria zake. Kila anayepanda huokota jiwe chini ya kilima, akalibeba, akaliweka kwenye lundo kule juu. Asiyeweka jiwe hajapita, hata kama miguu yake imevuka. Kiongozi hupanda wa kwanza, maana ndiye anayeijua njia. Lakini akifika juu husimama kando ya lundo na kuwapisha watu wake, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Ndipo naye huweka jiwe lake. Waliotangulia humngoja kwenye jabali jeupe katikati ya mteremko, naye akishawafikia huwaongoza kuingia kijijini. Kule wenyeji huwa wameweka maji kwenye mitungi na kuifunika. Hayafunuliwi mpaka kiongozi aseme, "Wote wamepita."

"Kwa nini kiongozi apite wa mwisho, baba?" Nyanjige aliuliza siku moja, akiwa bado mdogo wa kukalia karia.

"Kwa sababu akibaki nyuma asiyejua njia, fisi anajua."

Machibya hakuhesabu watu kwa namba. Ng'ombe ndio wanaohesabiwa, alisema, mtu hutajwa. Kwa hiyo pale juu alitaja majina, na binti yake akajifunza kutaja majina.

Dastan alikuja mwishoni, wakati nyumba ilikwisha kukata tamaa ya mtoto wa kiume. Mama yao alifariki mtoto hajaanza kutembea. Nyanjige alimfunga mgongoni kwa kanga, akakanyaga pedali kwenda naye kliniki, kisimani, shambani. Alipokua kidogo alimhamishia kwenye karia, na barabara nzima ya Nkoma ilizoea kuwaona: msichana mrefu anainuka na kushuka juu ya baiskeli ya baba yake, na nyuma kichwa kidogo kimelala kwenye mgongo wake. Akiwa ameshaolewa, mwaka aliposhinda mbio za wanawake kwenye sherehe za mavuno, zawadi ilikuwa baiskeli mpya, nyeusi, inang'aa. Aliipanda kutoka uwanjani hadi nyumbani. Kesho yake Dastan aliipanda kwenda sekondari, na ikawa ya Dastan.

"Umeipata haki yako kwa jasho, halafu unaigawa kama karanga?" mumewe alimfokea. Mume huyo baadaye alikwenda machimboni Geita, na machimbo hayakumrudisha.

Machibya alipokuwa anaondoka duniani, aliwaita wote wawili. Ilikuwa mchana, pamba inachumwa, sauti za wachumaji zinaingia dirishani. Ng'ombe na mashamba alikwisha kuyasema mbele ya ukoo, na wanaume wa ukoo walikwisha kuyapokea. Lilibaki neno moja.

"Njia ya chumvi ni ya Nyanjige. Dastan, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Hakuna aliyeigombania. Nani angegombania njia isiyolimwa wala kukamuliwa? Nyanjige aliichukua kama mtu anavyochukua nguo za marehemu: kwa mikono miwili. Kila kiangazi alipanda kule peke yake, akaweka jiwe, akataja jina la baba yake, akarudi Bariadi kuziba pancha.

Miaka ikapita. Dastan alikwenda Arusha, akajifunza kuongoza watalii, akarudi na Kiingereza kizuri na kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa. Alikuja moja kwa moja chini ya turubai la bluu.

"Dada, dunia imegeuka. Siku hizi watu wanalipa ili wachoke."

"Waje walime hapa. Watachoka bure."

"Sikiliza kwanza! Wanapenda njia za zamani, zenye historia. Wanazipita kwa baiskeli, wanapiga picha, wanasimuliwa. Sasa sisi tuna Mlango wa Chumvi, tumeukalia tu."

Aliposema "sisi", moyo wa Nyanjige ulifunguka kama dirisha. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anaipenda njia ile peke yake.

Waliijenga safari pamoja. Nyanjige alizitengeneza baiskeli zote, akabadili breki, akafyeka miiba mahali palipojifunga. Dastan alizungumza na ofisi ya utalii, akawaita wageni. Na Kimali wazee walikubali kwamba kwenye safari ya kwanza mambo yafanywe kama ya kale: shangazi yao Kwandu, dada wa Machibya aliyeolewa kule, amwekee kiongozi chumvi ulimini mbele ya watu wote. Atakayewekewa ndiye mwenye njia. Tangu siku hiyo hakuna atakayepitisha wageni Mlangoni bila yeye.

"Utakuwa wewe, dada," Dastan alisema, akizungusha pedali kwa kidole ili asikie kama imekaa sawa. "Mimi nitakuwa mdomo wako tu kwa wazungu."

Waliondoka Bariadi asubuhi ya baridi, mwezi wa pamba. Nyanjige mbele, skafu nyeupe kichwani. Nyuma yake mwalimu mstaafu wa Mwanza, Mzee Elia, anayejisifia magoti yake. Veronica, muuguzi, mnene kidogo, mcheshi sana. Vijana wa Arusha. Mzungu mrefu ambaye magoti yake yaligonga usukani. Na Dastan huku na huko, filimbi shingoni. Walipopita Nkoma, wanawake waliokuwa wanachuma pamba waliinua migongo, wakamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu! Unawakimbiza hao, au wanakukimbiza?"

"Mwangaluka! Ninawapeleka kuoa kwenu, mmekimbia wapi?"

"Huyo mrefu mwache hapa! Atatufikia pamba ya juu!"

"Pamba ya juu iko wapi, nyie? Labda awaezekee nyumba!"

Shamba zima lilicheka. Mzungu aliuliza wanasema nini, Dastan akamwambia wanamkaribisha. Nyanjige alisikia, akatabasamu. Alikuwa na furaha isiyo na mahali pa kukaa mwilini. Aliikanyaga kwenye pedali.

Walilala njiani, na kesho yake, jua likiwa limeshapanda, walikuwa chini ya kilima. Kila mtu aliokota jiwe. La Nyanjige lilikuwa la kijivu. Alilitia mfukoni mwa koti, upande wa moyo.

Kupanda Mlango kwa baiskeli ni kubishana na ardhi. Njia ni nyekundu, imechimbwa na mvua, na kokoto zake hukimbia chini ya tairi kama mbaazi. Unainuka kwenye tandiko, unaegemea mbele, unausikia moyo masikioni. Ukitazama juu umeshindwa. Unatazama shubiri moja mbele ya gurudumu, na shubiri hiyo ikishapita unatazama nyingine. Vijana wa Arusha walianza kwa mbio na wakamaliza kwa miguu. Nyanjige hakushuka. Alipanda kwa mwendo uleule aliofundishwa, mwendo wa mtu aliyebeba chumvi. Alipotokea juu katikati ya majabali mawili, upepo wa upande wa pili ulimpokea, mkavu, wenye harufu ya mbali ya magadi.

Aliiegemeza baiskeli kwenye jabali, akasimama kando ya lundo. Akaanza kuwapisha.

"Elia," alitaja.

Mzee Elia aliweka jiwe, akapiga goti lake kofi. "Umeyaona haya?"

"Nimeyaona, mwalimu. Sasa shikilia breki, yasije yakatangulia bila wewe."

Wakapita vijana. Akapita mzungu, ameinama sana, amelishika jiwe lake kwa mikono miwili kama yai. Wote waliambiwa wangoje kwenye jabali jeupe. Kisha akaja Dastan, anahema, kizibao cha njano kimelowa. Aliweka jiwe lake haraka. Aliukanyaga udongo wa upande wa pili, kisha akageuka.

"Kiongozi," alisema, akitabasamu lile tabasamu la kwenye karia. "Wangoje wote, eh? Usimwache mtu."

"Nani alikufundisha hilo, wewe mtoto?"

"Wewe."

Akateremka.

Alikuwa amebaki Veronica peke yake. Nyanjige alitazama chini alikotoka. Njia ilikuwa tupu. Labda amefunga kamba ya kiatu, labda amepata pancha. Akangoja. Kwa upande wa pili aliwaona waliopita wakikusanyika kwenye jabali jeupe, wadogo kama siafu, na doa la njano likiwafikia.

Doa lile halikusimama. Lilipita katikati yao, mkono umeinuliwa, na wote wakapanda baiskeli wakalifuata.

Mwanzoni alidhani wanatafuta kivuli. Halafu wakakata kona ya mwisho, ile inayotazamana na kijiji, na ngoma ikaanza kule chini.

"Dastan!" aliita. Upepo uliikata sauti ile na kuirudisha.

Kulikuwa na kijia cha mbuzi. Kinashuka wima upande wa kushoto wa Mlango, kinaukata mzunguko wote, kinatokea kwenye zizi la kwanza la Kimali. Nyanjige aliwahi kukishuka, na breki za baiskeli yake alizifunga kwa mikono yake. Akiondoka sasa, angekuwa amesimama mlangoni mwa shangazi yake kabla ya mtu yeyote. Alishika usukani. Mguu wake ulikwisha kukaa kwenye pedali.

Akatazama tena alikotoka. Njia tupu.

Mguu ukashuka.

Alisimama pale, mwanamke mzima wa miaka arobaini na kitu, anasikiliza vigelegele vinavyopanda kilima kumfikia yeye vikiwa vya mtu mwingine. Alikuwa bado anamtafutia mdogo wake sababu. Labda wageni wamechoka. Labda ameelewa vibaya. Hata mtoto akikukojolea mgongoni, unasema ni jua limemchosha.

Ndipo Veronica akatokea, anasukuma baiskeli, uso umelowa jasho, mwingi wa kuomba radhi.

"Nisamehe, dada yangu! Nimekuchelewesha?"

"Umepata pancha?"

"Wala. Dastan aliniambia nipumzike pale kwenye mwamba mpaka nisikie filimbi. Alisema ndiyo desturi, wa mwisho huitwa kwa filimbi. Nimengoja, nimengoja... au ililia nikiwa nimesinzia?"

"Hukusinzia," Nyanjige alisema.

Hakukuwa na filimbi katika desturi ile. Kulikuwa na kiongozi asiyeweza kumwacha mtu nyuma. Mwizi wa kawaida angemkata tairi au angemwibia baiskeli. Kwa mtego huu ilibidi mtu awe amelelewa nyumba ileile, amelala kwenye mgongo wake, amesikia kutoka kwa baba yuleyule kwamba Nyanjige atangoja. Alikuwa ametegwa kwa uaminifu wake mwenyewe.

"Weka jiwe lako," alimwambia Veronica kwa upole. "Veronica."

Veronica aliweka. "Na lako?"

Nyanjige aliugusa mfuko wa koti. "Langu bado."

Walishuka polepole. Kwenye jabali jeupe hapakuwa na mtu, ila ganda la ndizi.

Watu wa Kimali walikuwa wamekaa uani kwa Kwandu, mitungi imepangwa kivulini, vifuniko juu yake. Dastan alikuwa amesimama katikati, kamera zinamzunguka, na kwenye mdomo wake wa chini kulikuwa na weupe kidogo wa chumvi. Alipomwona dada yake alimjia haraka, akamshika kiwiko.

"Dada, tafadhali. Usilete maneno mbele ya wageni. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ni wapi?"

"Ofisi wanataka mtu mwenye lugha. Mtu wa kusimama mbele. Kwani nimekufukuza? Baiskeli ni zako kuzitengeneza, zote! Kazi yako iko palepale."

"Ulisikia baba alivyosema."

"Baba alikuwa mgonjwa."

Aliutoa mkono wake kwenye ule wa mdogo wake, bila nguvu, kama mtu anavyotoa mwiba. Akamwendea shangazi. Kwandu alikuwa ameketi kwenye kigoda, kibuyu cha chumvi mapajani.

"Mwadila, sengi."

"Mwadila, mwanangu."

"Ulijua?"

Kizee yule alikitazama kibuyu. "Alikuja wiki iliyopita, akaniomba. Wewe uliolewa, Nyanjige. Kitu cha nyumba ya baba hukaa kwa mtoto wa kiume."

"Hata nilichopewa?"

"Hata mimi nilikuwa mtoto wa kwanza," Kwandu alisema. "Mimi nilimfundisha baba yako kupanda kilima kile. Nani alinipa mimi njia?"

Nyanjige alipiga goti, akamshika miguu kama inavyompasa mtoto kwa shangazi yake. Aliyekuwa ameketi pale alikuwa yeye mwenyewe, amezeeka.

Mzee Mahona, msimamizi wa maji, akasimama na fimbo yake. Alimtazama Dastan, akauliza kama walivyouliza babu zake:

"Wote wamepita?"

"Wamepita," Dastan alijibu.

Mahona alitikisa kichwa. "Chumvi umeshalamba, sina neno. Lakini wewe ulikuwa mbele. Utajuaje? Aliyekuwa nyuma aseme."

Macho yote yakamgeukia Nyanjige. Dastan alimwangalia pia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa na sura ya mtoto anayeomba abebwe. Neno moja tu, macho yalisema. Nimalizie, dada.

Angeweza kulisema. Maisha yake yote alikuwa amelisema kwa namna moja au nyingine: wote wamepita, wote wamekula, wote wamelala, sasa nami. Aliwataja kwa majina, mmoja mmoja, Elia hadi Veronica, na Dastan pamoja nao. Kisha akasema:

"Wamepita. Bado mmoja."

"Nani?" Mahona aliuliza.

Alilitoa jiwe mfukoni, akalionyesha.

"Mimi."

Akaigeuza baiskeli. Nyuma yake alimsikia Dastan akiita, "Dada! Kunywa basi maji!" na Mahona akimkatiza, "Maji gani? Hayajafunuliwa." Alikipanda kilima kile kwa upande aliotokea, hakushuka kwenye tandiko, na alipofika kwenye lundo hakusimama. Alipita katikati ya majabali na jiwe lake mfukoni, akateremka kuelekea Bariadi.

Safari za baiskeli zinaendelea mpaka leo. Picha za Dastan ziko kwenye simu za watu wengi, kizibao cha njano, jabali nyuma yake. Wageni hunywa maji yao ya chupa, hawajui tofauti. Ila wazee wa Kimali hawajafunua mtungi. Kila msafara ukifika Mahona huuliza, "Yule mmoja amepita?" na Dastan hutazama chini.

Kiangazi kilichopita alikuja mwenyewe chini ya turubai la bluu, baiskeli begani, tairi limelala. Nyanjige alilifungua, akalizamisha kwenye beseni, akatafuta mapovu, akaziba. Alifanya vizuri, kama anavyomfanyia kila mtu. Gurudumu lilitulia, limezuiwa na jiwe.

"Dada," Dastan alisema, macho kwenye jiwe lile. "Utapita lini?"

Nyanjige alifuta mikono kwenye kanga.

"Pampu iko pale," alisema. "Jaza upepo mwenyewe."